Naivasha kwa boti na mama yangu: fika asubuhi, na usilipe mtu kabla hujaona jaketi za kuelea

Nianze na hii kabla nisahau. Kama unaenda Naivasha kwa sababu ya boti, hakikisha uko ndani ya maji kabla ya saa tatu asubuhi. Sisi tuliingia saa mbili na nusu, ziwa limetulia kabisa, hakuna upepo, mlima Longonot uko pale ng'ambo unaona mpaka mikunjo yake, halafu tukirudi saa nane mchana hiyo maji imeamka vibaya, boti inapiga pu pu pu juu ya mawimbi na mama yangu ameshika ubao wa kukalia kwa mikono miwili anaomba kwa Kikamba. Ziwa ni lilelile, ni masaa tu.

Tulikuwa watatu, mimi, mama (yuko sitini na kitu, mtu wa Machakos, kuogelea hajui na hataki kujua) na mtoto wa dadangu wa miaka sita ambaye tangu tutoke Nairobi alikuwa anauliza simba wako wapi. Tulipanda matatu mapema, tukapita Mai Mahiu, Naivasha mjini tukabadilisha tukachukua ile ya South Lake Road, unaambia makanga akushushe Karagita basi. Bebeni sweta jamani. Watu hufikiria ziwa ni joto kama Mombasa, na hapo mko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ukiwa kwa boti baridi inaingia mpaka kwa meno.

Sasa Karagita ndio ufuo wa wananchi, na ukishuka tu mabroka wanakufikia kabla hujanyoosha miguu. Kijana mmoja, sitamtaja na hata jina sikuuliza, alikuja na picha za viboko amezipiga laminesheni, akatuambia boti ni 4,500 kwa saa na kuna 300 ya "kiingilio cha ufuo" kwa kila mtu, lipa sasa hivi. Nikalipa hiyo 900 kama mjinga. Dakika kumi baadaye familia ingine ikapita hapo hapo bila kulipa hata shilingi, nikageuka kumtafuta kijana, ameenda. Hiyo ni juu yangu, mama ameshanikumbusha mara nne. Kwa hivyo we ukifika pita hao wote, enda mpaka pale boti zimefungwa, uongee na mwenye kuendesha mwenyewe. Tulipata mzee mmoja wanamwita Kapteni, akaanza 4,000 tukashuka mpaka 2,500 kwa saa, boti nzima sio kwa kichwa. Hiyo ni muhimu, uliza mara mbili kama bei ni ya boti ama ya mtu.

Na jaketi za kuelea. Zile za kwanza zililetwa zilikuwa mbili za watu wazima, moja buckle imekatika imefungwa na kamba ya manila, ya mtoto hakuna, "huyu utamshika tu." Nikasema hapana, hatuingii. Kapteni hakununa, alimtuma kijana akaazima ya mtoto kwa boti ya jirani, ikanuka samaki lakini ikafunga vizuri. Hapo ndio nilimpenda. Kuna boti zilitupita zimejaa watu wa wikendi na hakuna mtu amevaa chochote, wamesimama wanapiga selfi, spika inagonga, na wako katikati ya ziwa lenye viboko.

Viboko wenyewe, haya. Kapteni alizima injini mbali kidogo, tukaona masikio, kisha macho, kisha zile pua zinapuliza maji, wako kama kumi na wawili hivi wamelaliana kama magunia. Mtoto akapiga kelele ya furaha, mmoja akapanua mdomo, na mama akasema "turudi". Kapteni akamwambia, "Shosho usijali, huyo anapiga miayo." Mama akamjibu, "Shosho ni nani?" Tangu hapo alikuwa anaitwa Mum mpaka tukashuka. Lakini mzee hakuwa anacheza, alituambia vizuri kabisa kwamba mchana wako majini na jioni wanatoka kula nyasi, na mtu anayeumizwa mara nyingi ni yule amejikuta kati ya kiboko na maji, kwa hivyo ukilala kambi za huko usitembee tembee ufuoni usiku na tochi yako ya simu ati unatafuta kiboko umpige picha. Atakupata yeye kwanza.

Kitu ambacho picha za Instagram hazikuonyeshi ni ile misitu ya miti iliyokufa ndani ya maji. Migunga ya manjano, mikubwa, imesimama mikavu bila jani hata moja, maji yamefika kiunoni. Ziwa limepanda sana miaka hii, 2020 ndio watu wengi waliona kwa habari, na huko mitaa kama Kihoto watu wamehama manyumba yao maji ikiwa sebuleni. Kapteni akatuonyesha kwa kidole, "hapo mimi nilikuwa nafunga boti, hapo ilikuwa choo, hapo watu walikuwa wanachoma samaki," na hapo kote sasa ni maji tu. Sisi tumekuja kujienjoi juu ya shamba la mtu. Ndege lakini wamefurahi, kila tawi liko na mnandi amenyoosha mabawa anayakausha kama nguo kwa kamba, wadiria wale weusi kwa weupe wanasimama hewani halafu wanadondoka kama jiwe, na mwari wanapita kwa mstari bila haraka.

Halafu ile shoo ya tai wa samaki, furukombe. Kapteni ananunua samaki mdogo kwa wavuvi (200, unalipa wewe, kubali tu), anamsukumia kipande cha funjo mdomoni ndio aelee, anapiga mbinja, anamrusha. Unafikiria ni mchezo wa watalii mpaka uone yule ndege ametoka juu ya mti kule mbali, anashuka bila hata kupiga bawa, kucha mbele, chwaa, ameenda. Mtoto wa dadangu aliacha kuuliza simba kuanzia hiyo dakika. Mimi sijui kama ni sawa kumzoesha ndege wa porini kulishwa hivi kila siku, ilinisumbua kidogo, lakini siwezi kudanganya kwamba sikuomba arudie.

Mama akauliza hii maji ni ya chumvi kama ya Nakuru. Swali zuri kumbe. Hapana, ni maji baridi, na cha ajabu hakuna mto unaotoka. Malewa na Gilgil inaingia, hakuna inayotoka unayoiona kwa macho, maji yanapenya chini kwa chini na kubeba ile chumvi, ndio maana majirani zake Elmenteita, Nakuru na Bogoria ni magadi na yeye sio. Na ndio maana yale magrinihausi ya maua yote yamejipanga kandokando yake. Waridi unaloona kwa mtu huko Ulaya siku ya wapendanao linaweza kuwa lilinyweshewa maji ya hili ziwa.

Crescent Island ndio mahali ningekaa siku nzima. Ni ukingo wa volkano ya zamani uliotokeza juu ya maji, umejikunja kama mwezi mwandamo, na lile bonde la katikati ndio kina kirefu zaidi cha ziwa lote. Kiingilio chake unalipa kando, sio ndani ya bei ya boti, na broka hatakuambia hiyo. Ukishuka unatembea na miguu yako. Hakuna simba, hakuna chui, kwa hivyo twiga anakuangalia tu anaendelea kutafuna, punda milia wako hapo, nyumbu, kuro wamelala kwa nyasi. Mama yangu alitembea huko saa nzima bila kulalamika magoti hata mara moja, akasimama karibu na twiga, akasema, "Huyu miguu yake ni kama ya baba yako." Sijawahi kumwona ametulia hivyo.

Mabaya sasa. Choo cha ufuoni sitaki hata kukielezea, jisaidie mjini. Chupa za plastiki zimejaa kwa mafunjo pale boti zinapofungwa, na hili ziwa liko kwa orodha ya Ramsar tangu 1995, yaani dunia nzima imekubali kwamba ni ardhi oevu ya maana, halafu chips na soda tunaziachia hapo hapo. Magugu maji nayo. Tukirudi, tayari maji yamechafuka, propela ikajifunga kwa magugu, injini ikazima, tukakaa pale kama dakika ishirini tunasukumwa na upepo huku Kapteni ameinama anakata na kisu. Kwa hizo dakika ishirini nilijua kwa nini niligombana kuhusu jaketi. Na masaa yanahesabika pia, akajaribu kutuongezea hizo dakika kwa bili, tukaongea, akaiondoa.

Samaki tulikula hapo juu, tilapia wa kukaanga mzima na ugali na kachumbari, 600 yule mkubwa, tukala wawili na mtoto na akabaki kichwa, ambacho mama alifunga kwa karatasi akaenda nacho Nairobi. Uchagulie mbichi kwanza kabla hajaingia kwa mafuta, uangalie macho yake, kwa sababu meza ya jirani yetu waliletewa wa jana.

Nyota nne. Ya tano ningeipea kama kungekuwa na ubao tu hapo kwa lango umeandikwa bei ya boti, bei ya kisiwa, basi, kila mtu asome. Mbuga ya Hell's Gate, ile ya kuzunguka na baiskeli, iko karibu hapo lakini usiunganishe na boti siku moja kama uko na mzee ama mtoto, mtachoka na hamtafurahia yoyote. Magari ya kurudi Nairobi Jumapili jioni bei inapanda na foleni ya Mai Mahiu ni ya kulia, sisi saa kumi tulikuwa tushaondoka na bado tulifika saa mbili usiku, kichwa cha samaki kikinukia matatu nzima.