Ngao ya Tanga na Patasi: Tathmini ya Nembo Niliyochorewa Mombasa

Fundi wa nembo za ukoo niliyemwendea Mji wa Kale hakushika kalamu siku ya kwanza. Aliniuliza babu yangu alifanya kazi gani, baba alijulikana kwa lipi, na mimi ningependa wajukuu wanikumbuke kwa nini, akayaandika majibu yote kabla ya kutaja bei, ambayo ilikuwa shilingi 18,000 pamoja na fremu ya mvule.

Niliyathamini mno maswali hayo, kwa sababu mwaka uliotangulia nilikuwa nimenunua mtandaoni kitu kilichouzwa kama nembo ya ukoo wetu: simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma, kofia ya chuma ya askari wa Ulaya, na jina langu chini. Simba yule yule nilimkuta ukutani kwa jirani mwenye jina tofauti kabisa. Katika desturi ya Uingereza, ambako muuzaji alidai ameitoa, nembo hupewa mtu na kurithiwa na uzao wake, wala haiwi mali ya kila mwenye jina hilo. Baba yake Shakespeare alipopewa nembo mwaka 1596, ngao iliyochorwa humo, ya rangi ya dhahabu, ilikatizwa na mkanda mweusi wenye mkuki, kwa kuwa neno la Kiingereza la mkuki limo ndani ya jina lake. Hapo alama inamtaja mwenyewe.

Ngao yangu ni ya buluu, ina tanga la jahazi la rangi ya fedha, na chini yake patasi mbili za dhahabu zilizopishana. Tanga ni la babu, aliyekuwa nahodha. Patasi ni za baba, aliyechonga milango. Nilitaka patasi ziwe nyekundu, lakini fundi akakataa, akanieleza kanuni ya zamani kwamba rangi kama nyekundu haiwekwi juu ya rangi nyingine kama buluu, wala dhahabu juu ya fedha, kwa sababu ngao ilipaswa kutambulika kwa mbali. Nikiitazama kutoka mlangoni naona alisema kweli. Nikisogea, naona mishono ya tanga imechorwa mmoja mmoja, na kiraka kidogo karibu na foromali, yaani mti unaobeba tanga, kwa kuwa nilimsimulia kwamba babu alishona tanga lake mwenyewe. Juu ya ngao ipo kofia iliyodariziwa kwa mkono. Mahali pale pa simba wa kukodi, nimemwona babu yangu.

Kasoro zipo. Kazi ya wiki tatu ilichukua wiki kumi na moja, na herufi za kaulimbiu, "Kwa upepo uliopo", zimebanana hata mgeni huzisoma kwa shida. Vilevile, anayetaka nembo yake itambulike kisheria ajue kwamba mchoro wa fundi hautoshi, kwani Kenya ina chombo rasmi cha kutoa nembo, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1968.

Hata hivyo fundi alinikabidhi pia maelezo ya nembo kwa maneno, ili msanii mwingine aweze kuichora upya karatasi hii ikichakaa. Binti yangu ameshaomba yake, nami nitamrudisha kwa fundi huyu huyu.