Kizimba kinachofunguka juu: miezi 14 ya kumpeleka Shani kwa daktari

Nilinunua kizimba hiki cha plastiki cha kubebea paka kwa sababu ya namba moja: 186. Ndiyo presha aliyosomwa Shani, paka wangu wa miaka 12, siku nilipompeleka kliniki ndani ya begi la kitambaa lenye mlango mdogo wa zipu. Kwa paka, presha ikianzia 160 daktari huanza kufikiria matibabu, na ikifika 180 macho, figo, moyo na ubongo viko hatarini. Daktari aliitazama namba, akamtazama Shani aliyejikunyata ukingoni mwa meza, mboni zimetanuka hadi macho yote yakawa meusi, akaniambia hawezi kujua kama ile ni presha yake au ni hofu yake.

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu nilijua tulivyofika pale. Asubuhi tulimkimbiza Shani vyumba viwili, tukamtoa uvunguni kwa nguvu, tukamsukumia begini. Kliniki alikataa kutoka, msaidizi akaingiza mkono akamvuta kwa ngozi ya shingo. Alijikojolea. Sukari yake ya damu nayo ilionekana iko juu, na baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba paka akiogopa sana sukari hupanda hata kama hana kisukari. Kumbe hofu, mbali na kumtesa mnyama, huharibu pia majibu ya vipimo, na mtu anaweza kuanzishiwa paka wake dawa asiyoihitaji.

Sasa kizimba chenyewe. Kina vipande viwili: cha chini kimekaa kama beseni, cha juu ni mfuniko, na vinashikana kwa klipu 8 pembeni. Kina mlango wa nondo mbele na mwingine mdogo juu. Ubora wake wote uko kwenye mfuniko: ukifungua klipu unaondoka mzima, na paka anabaki amelala katika nusu ya chini, juu ya blanketi lake lenye harufu ya nyumbani. Daktari anamsikiliza moyo hapo hapo, anamtomasa tumbo, anamfunga mkanda wa presha mguuni au mkiani. Akitaka kujificha tunamfunika taulo kichwani. Tangu nianze kukitumia, hakuna aliyemvuta Shani.

Lakini lazima niwe mkweli: kama utakitoa stoo siku ya miadi tu, hakitakusaidia zaidi ya lile begi. Kazi kubwa niliifanya nyumbani, na ilinichukua wiki 7 hivi. Niliondoa mfuniko na mlango, nikaiacha nusu ya chini sebuleni pembeni mwa kochi, na blanketi lake ndani. Siku tatu za kwanza Shani alipita mbali. Nikawa naweka vitafunwa vyake karibu, kisha ukingoni, kisha ndani, na wala sikumbeba kumwingiza hata mara moja. Hilo naliona la msingi kuliko yote, maana ukimsukuma mara moja tu unarudi mwanzo. Wiki ya pili nilimkuta amelala humo mwenyewe. Nikarudisha mfuniko bila mlango, baadaye mlango, nikawa naufunga kwa sekunde chache na kuufungua kabla hajataka kutoka. Halafu kumnyanyua na kumshusha. Halafu kukaa naye garini injini ikiwa imezimwa. Halafu mzunguko mfupi na kurudi.

Hatua iliyonishangaza ni kliniki kukubali tuende bila miadi ya matibabu, kupima uzito tu na kurudi. Mara ya kwanza Shani alinyamaza kabisa, na mimi nikafurahi nikidhani ametulia. Msaidizi alinirekebisha: aligusa pedi za miguu yake, zilikuwa na jasho, masikio yamelala ubavuni, na kitafunwa anachokipenda kuliko vyote hakukigusa. Paka aliyeganda si paka aliyetulia. Mara ya tatu alikila, na siku hiyo kweli nilitokwa machozi pale chumbani.

Kuhusu kumbeba: usikining'inize kwa mpini wa juu. Kinayumba na mnyama anagonga kuta. Mimi nakikumbatia kwa mikono miwili, mmoja ukiwa chini ya kitako chake. Ndani ya gari kinakaa sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, pale hakisogei. Ukumbini sikiweki chini, nakiweka juu ya kiti na kukifunika taulo, maana paka akiwa sakafuni na mbwa anamnusia mlangoni, kazi yote ya wiki 7 inaweza kupotea kwa dakika moja. Kukiwa na msongamano tunasubiri garini hadi tuitwe. Mwenye mbwa mwoga nadhani hilo la garini litamfaa pia, pamoja na kuomba mkeka usioteleza juu ya meza ya chuma. Mbwa akiteleza huanza kuhema na kujilamba midomo hata kabla hajaguswa.

Nilijaribu vilevile feromoni ya kupuliza, ile iliyotengenezwa kuiga harufu ambayo paka huiacha anapojisugua shavu kwenye vitu. Unapulizia blanketi dakika 15 kabla ya kumwingiza ili spiriti iliyomo iishe. Kwa Shani niliona nafuu ndogo garini, basi. Siipingi, ila isiwe ndiyo tegemeo lako.

Dawa ni jambo jingine. Kwa siku ya kuchukuliwa damu daktari alituandikia gabapentini, dawa ya kumtuliza, kapsuli nilimfungulia kwenye chakula laini saa 2 kabla ya kutoka. Kwa kuwa figo za Shani zimeanza kuchoka, alimpunguzia dozi, maana dawa hii hutolewa mwilini kupitia figo. Ilimlegeza, hofu ikashuka, lakini hadi jioni alikuwa anayumba, hivyo nilifunga chumba asije akaruka kabatini. Naomba sana usimpe mnyama dawa ya maji iliyoandikwa kwa ajili ya mtu: baadhi zina zailitoli, kiongeza utamu ambacho ni sumu kwa mbwa. Nchini Marekani mwaka 2023 iliidhinishwa dawa ya maji ya paka mahususi kwa hofu ya safari na ya kliniki, pregabalini inayouzwa kwa jina la Bonqat. Sijaitumia. Naitaja kwa sababu wapo watu wanaoona aibu kuomba dawa, kana kwamba wameshindwa kumlea mnyama wao. Hakuna aibu hapo. Mnyama anaumia, muulize daktari.

Turudi kwenye presha. Baada ya mazoezi yale tulirudi, safari hii bila dawa yoyote. Daktari alituacha chumbani dakika 10, taa zimepunguzwa, mfuniko umeondolewa. Alianza na presha kabla ya mizani, kabla ya kipimajoto, kabla ya kitu chochote. Kipimo cha kwanza alikitupa, akachukua vingine 6 na kutafuta wastani. 148. Ni namba ya kufuatilia, si ya kuanzishiwa vidonge, na hadi leo Shani hanywi dawa ya presha.

Jambo moja ambalo kizimba hakikulitatua ni kurudi nyumbani. Tito, paka wangu wa pili, alimfokea Shani kwa harufu ya kliniki, wakakaribia kupigana. Sasa Shani akirudi anakaa chumba cha peke yake saa kadhaa, nampangusa kwa blanketi wanalolalia wote wawili, ndipo nafungua mlango.

Kasoro za kizimba. Sakafu yake inateleza, nikalazimika kutandika mkeka wa mpira chini ya blanketi. Ni kizito kwa mtu anayetembea kwa miguu. Lakini kubwa ni klipu: ngumu, na zinafunguka kwa mlio mkali kama kijiti kinachovunjika. Mara ya kwanza Shani aliruka kwa mlio huo tukiwa tayari mezani. Nilimzoesha nyumbani, mlio mmoja kitafunwa kimoja, mpaka akaacha kujali, ila mtengenezaji angeweza kutuepusha na hilo. Ndiyo maana nakipa nyota 4 kati ya 5.

Ukienda kununua, pima kwanza kama mnyama wako anaweza kusimama na kugeuka ndani yake. Kikiwa kipana mno atateleza huku na huku safarini. Kisha fungua klipu zote 8 palepale dukani kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili umelala ndani ya beseni kana kwamba unamshika mnyama wako. Ukishindwa, omba chenye klipu laini zaidi.