Testi ya malaria ya kununua Bukavu: tazama mistari kabla ya bei

Mwanangu alirudi kutoka Uvira kwa bibi yake, ambako alitibiwa malaria na dawa akaimaliza. Wiki tatu baadaye homa ikamshika tena. Nikakimbilia farmasi moja ya Kadutu, nikanunua testi yenye mstari mmoja wa ugonjwa. Mstari ukatoka mwekundu kabisa. Akameza dawa siku tatu nyingine, homa haikushuka. Labo wakatazama damu kwa darubini: hakuna mdudu hata mmoja. Ndani ya sikio kulikuwa na usaha.

Tangu siku ile, kwenye boksi natafuta kwanza herufi HRP2. Hiyo ni protini ya Plasmodium falciparum, mdudu anayetusumbua zaidi hapa Kongo. Mdudu akishakufa, protini yake hubaki damuni wiki kadhaa, na testi inaendelea kuiona. pLDH ni protini nyingine, hutengenezwa na mdudu aliye hai. Akifa, inaisha kwa siku chache.

Ndiyo maana nyumbani naweka CareStart Pf/PAN, inayopima HRP2 (mstari wa Pf) na pLDH (mstari wa PAN) pamoja. Mtoto aliyetibiwa juzi akitoa mstari wa Pf peke yake, usikimbilie dawa, mpeleke labo. Usimwache nyumbani pia, maana wadudu wakiwa wachache mstari wa PAN unaweza kukosa kutoka. Bioline Pf/Pan inapima vilevile, ila CareStart ndiyo niliyoizoea.

Kwa aliyetibiwa karibuni, tone nene la damu chini ya darubini (goutte épaisse, GE) linashinda testi zote: mpimaji anaona wadudu wenyewe. Wakikuandikia "GE ++" tu, omba hesabu ya wadudu kwa mikrolita.

Testi za Pf tupu ni za bei ndogo. Kama hujatibiwa malaria karibuni, zinatosha.

Kinachonichoma ni wauzaji wanaofungua boksi ya 25 na kuuza moja moja. Chupa ya maji ya testi ni moja kwa boksi nzima, basi wewe unaondoka na kifuko tu. Mmoja aliniambia nidondoshee maji ya serumu, "ni sawasawa, mama". Si sawasawa! Maji mengine yanaweza kuleta mstari wa uongo, na mtoto akameza dawa bure. Na bei hakuipunguza hata franka moja.

Sasa tunachanga na majirani wawili, tunanunua boksi nzima ambayo haijafunguliwa, na chupa inakaa kwangu.