Boti ya maboya mawili ya upepo: uzoefu wangu hapa Wete, Pemba

Kila siku naulizwa kama boti hii inafaa kuvulia huku kwetu, basi nianze na jibu: kwa hori yetu ya Wete, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, inafaa. Kwa bahari ya nje haifai, na muuzaji asikudanganye.

Yenyewe ni maboya mawili marefu ya plastiki nzito, yamevishwa kitambaa kigumu, yameshikwa na fremu ya chuma na kiti katikati. Urefu futi nane. Marekani huko hutumika kwenye mito na maziwa, mtu avue peke yake. Yangu niliinunua Unguja, imeshatumika, kwa mgeni aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Ikaja Pemba kwa meli, imekunjwa ndani ya begi, mabomba ya fremu yamefungwa kamba pembeni. Kuijaza upepo kwa pampu ya mguu ni nusu saa hivi, na jasho linakutoka kabla hujagusa maji.

Raha yake ni kile kiti. Aliyezoea kukunja magoti ndani ya mtumbwi wa mwembe atanielewa. Unakaa umeegemea, mikono yote miwili iko kwenye mshipi, na ukivaa mapezi ya kuogelea unaisogeza kwa miguu bila kugusa kasia. Wala haiyumbi ovyo. Ila haina sakafu! Chaa akichomoka kwenye ndoana anapita katikati ya miguu yako, kwaheri. Nimefunga kipande cha wavu chini ya magoti, sasa angalau anaangukia humo.

Mzee mmoja bandarini aliizunguka, akaibonyeza kwa kidole, akaniuliza, "Mwanangu, hicho chombo au kitanda?" Nikamwambia, "Babu, vyote viwili." Akacheka, lakini kupanda hakukubali.

Na ana haki yake, kwa sababu ya upepo. Boti imekaa juu juu, haina mkuku, kwa hiyo kusi ikivuma mchana unapiga makasia na bado unarudi nyuma. Maji yanapotoka horini yanakupeleka upande wa kisiwa cha Fundo, na ukipitiliza huko unaukuta Mkondo wa Pemba, bahari iliyo kati yetu na bara, kina cha mamia ya mita. Mimi hutoka alfajiri siku za maji mafu, bahari isipopanda wala kushuka sana, kupwa kunapoishia, ili maji yakianza kujaa yanirudishe mwenyewe. Siku za bamvua, maji makubwa, boti inalala nyumbani. Siku hizo bahari hupanda na kushuka karibu mita 4, na mbio za maji yale si za kushindana nazo kwa makasia mafupi. Jaketi la kujiokolea sivui hata nikiwa karibu na mikoko.

Chumvi nayo. Fremu imepakwa rangi vizuri, lakini boliti na vileti vya kushikia makasia vilianza kutu mapema mno. Nimeweka boliti za chuma cha pua, na kila nikirudi naiosha yote kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi. Jua la saa sita likiikuta pwani imejaa upepo, maboya yanakaza kama ngoma, punguza kidogo. Chaza walioshika mizizi ya mikoko ni wembe, usiiburute hapo. Ikipata pancha, gundi ya fundi baiskeli haishiki kwenye plastiki hii, kiraka kinabanduka. Tafuta gundi ya plastiki yenyewe, uwe nayo kabla hujaihitaji.

Ukiipata ya mtumba, mwambie mwenyewe aijaze upepo mbele yako, kisha ipake maji ya sabuni kwenye valvu na kwenye mishono yote. Mapovu yakitoka kwenye valvu, dai akupunguzie bei, hiyo inabadilishwa. Yakitoka kwenye mshono, mwachie boti yake.