TAHADHARI: hizi impakti za "48V" za mtandaoni, mafundi chungeni pesa zenu

Jamani mafundi wenzangu wa Malindi, Watamu, Gede mpaka Mambrui, kuna jamaa anauza impakti za betri za kufungulia nati kwa 6,500. Jina la peji anabadilisha kila mara lakini picha ni zile zile. Mimi kazi yangu kutengeneza mashine, na hapa kwa benchi zimejaa za huyo huyo mtu, zote zimekufa.

Kwanza ile video. Anafungua nati ya lori, inatoka kama kifuniko cha soda. Sasa wewe isikilize vizuri, impakti ya kweli ikikutana na nati iliyokaza lazima igonge, ile tatatata ya nyundo ya ndani, yake inazunguka tu kimyaaa, yaani nati ilishalegezwa kwa spana kabla hajaanza kurekodi.

Stika inasema 48V, 15000mAh (umeme ambao betri inabeba), Nm 1000 (nguvu ya kuzungusha nati). Nikafungua betri, seli (vile vibetri vya ndani) tano! Seli moja ni volti 3.6, tano zikifuatana ni 18, ikijaa kabisa 21, basi. Ili ufike 48 unataka seli kama 13. Na hiyo 15000, seli nzuri ya saizi ile inafika 3500 hivi, zikifuatana volti ndio huongezeka, mAh inabaki ile ile ya seli moja, na hizi wala si nzuri. Nm 1000 ndio hadithi za Abunuwasi, maana nati za Probox hufungwa kwa Nm 100 hivi tu na bado imeshindwa nazo, tia na kutu ya hii chumvi yetu ya pwani ndio kabisaa.

Kinachonikera zaidi ni chaja, haikati betri ikijaa, na ndani hamna saketi ya kulinda seli, halafu mtu anaiacha ichaji usiku kucha kwa nyumba ya makuti! Na zile soketi za kung'aa anazokupa eti bure ni za spana ya mkono, kwa impakti zinapasuka kipande kikuingie jichoni. Za impakti ni nyeusi, nene.

Pesa anataka M-Pesa kwa namba ya mtu, till ya biashara hana. Ukisema utalipa ukipokea, anakuja bodaboda anakukataza kufungua boksi mpaka ulipe. Ukilalamika unablokiwa. Kama ushaliwa usifute meseji, nenda nazo polisi.

Usichukue mashine kabla haijafungua nati uliyoikaza wewe mwenyewe, na betri iliyojaa ipime kwa mita ya volti. Ikisoma 20 au 21 na stika imeandikwa 18 sawa, hiyo ni kawaida, lakini stika ya 48 mrudishie hapo hapo. Nyinyi wa Lamu na Mpeketoni ambao mwatumiwa kwa basi, tafuteni mtu wenu Mombasa aijaribu kabla haijapakiwa.