Picha mia moja kwa mzee wa mtambo, Kariakoo

Duka lenyewe la kusafisha picha, yaani kuzitoa kwenye karatasi, liko Kariakoo, ghorofa ya kwanza, juu ya wauza vitenge. Jina silitaji, maana huko mbele nitawalalamikia kidogo na bado nina kazi zangu pale. Anayelijua atalijua kwa ngazi zake: nyembamba kiasi kwamba mkikutana, mmoja lazima arudi alikotoka.

Mimi napiga picha za sherehe. Kicheni pati, sendofu, harusi, kipaimara, mwaka wa tisa huu. Mwezi wa pili mteja alinirushia picha kwenye simu: "Dada, nataka kama hii uliyopiga Mbezi." Haikuwa yangu. Ilikuwa ya kijana mwingine kabisa, na aibu yangu ni kwamba hata mimi niliikodolea macho kwanza kabla sijawa na uhakika. Kumbe wote wawili tulinunua pakiti ileile ya rangi mtandaoni, ile inayogeuza ngozi kuwa asali na majani kuwa kahawia. Unabonyeza mara moja, sherehe nzima inapakwa.

Nikampigia mzee mmoja wa Tanga aliyenifundisha kushika kamera. Hakunipa pole. Aliuliza, "Umewahi kuzisafisha picha zako?" Nikamwambia wateja wa siku hizi wanazitaka kwenye simu tu. "Sijauliza za wateja. Chagua mia unazozipenda wewe, zisafishe, zitandaze chini, kisha unipigie."

Ndivyo nilivyofika juu ya wauza vitenge, flashi ya kompyuta yenye picha zangu mkononi.

Kwa asiyejua: hapa hawatumii printa ya wino. Ni mtambo wa zamani wa maabara, unaochoma picha kwa mwanga kwenye karatasi ya picha, kisha karatasi inapita kwenye dawa na kukaushwa humohumo. Inatoka ina joto kidogo, kama leso iliyotoka kwenye pasi. Anayeuendesha ni mzee wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani. Kila asubuhi hutoa kwanza kipande cha majaribio na kukipima kabla hajagusa kazi ya mtu. Aliniambia mtambo usipopata kazi za kutosha dawa inachakaa na rangi zinaanza kuegemea upande, ngozi za watu zinaingia wekundu au ukijani. Kwa hiyo duka lenye foleni lina faida yake. Lako tupu mtaani kwenu huenda ndilo lililokuharibia picha za mahari.

Bei: saizi ya postikadi niliambiwa shilingi 500, kwa mia tukamalizana 45,000. Kusubiri saa moja na nusu.

Sasa lalamiko. Siku ile mzee alikuwa ameenda kuswali, nikahudumiwa na kijana. Sikupewa onyo lolote. Picha zilipotoka, zote zilikuwa nyeupeee. Mama aliyekuwa gizani jikoni, mwanga wa mlango umemgusa shavu moja tu, sasa anaonekana kama amepigwa na taa za gari. Kijana alijibu kwa upole kabisa, "Dada, zilikuwa nyeusi, nimekusaidia." Na kweli, hiyo ndiyo kazi yao, watu wanaleta picha za simu zilizofifia wanataka nyuso zionekane. Lakini aniulize basi. Picha nne za simu nilizochanganya humo nazo zilikatwa juu na chini, kwa sababu umbo la picha ya simu ni nene kuliko postikadi. Bibi harusi mmoja hana kilemba hadi leo.

Mzee aliporudi aliziangalia, akaniangalia, akauliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu anayelipwa: "Hii giza umeitaka wewe, au ilikutokea?"

Nilitaka kusema ilinitokea. Nikasema nimeitaka. Akazima marekebisho, akarudia zote mia bila kunidai hata senti. Alinionya tu kwamba skrini ina taa ndani yake na karatasi haina, kwa hiyo nitakachokiona cheusi nisimlaumu. Nikampandishia mwanga kidogo kwenye ishirini hivi, mwenyewe, moja baada ya moja.

Usiku nikazitandaza kwenye mkeka, sebuleni. Kitu cha kwanza kilinichekesha. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alitumia shuka la kitanda chake kama pazia la nyuma, na kwa kuwa mapazia aliyabadilisha baada ya miaka kadhaa, uzeeni aliweza kujua picha ni ya mwaka gani kwa kulitazama pazia. Na mimi naweza! Za 2019 zina rangi ya chungwa. Za 2021 zimekauka kama majani ya chai. Tofauti ni kwamba shuka lilikuwa lake.

Nikazigeuza zile zenye rangi za kununua, zikabaki sitini na kitu. Mtoto wa dada yangu, ana miaka saba, akapita anakunywa uji. "Mama mdogo, mbona hawa wote hawakuangalii?"

Nilihesabu. Zilizobaki, zenye mtu anayetazama kamera ni tisa. Nyingine zote ni watu wamenipa ubavu au kisogo, wana shughuli: shangazi anamenya vitunguu saumu kwenye ungo, kidole gumba kimefungwa plasta, mtu anafunga gauni la mwenzake, pini tatu mdomoni, mikono inafuta viti vya kukodi kabla wageni hawajafika. Karibu zote zimepigwa uani au jikoni, mwanga wa mlango mmoja. Miaka tisa nimekuwa nikiiba dakika kumi kabla ya sherehe kuanza, halafu naenda ukumbini kufanya nilichodhani ndiyo kazi.

Nilipompigia mzee wa Tanga alisema "haya" na kukata simu. Ana tabia hiyo.

Tangu hapo nimerudi dukani mara tatu. Mara mbili safi kabisa. Mara ya tatu karatasi ya mati ilikuwa imekwisha nikapewa ya kung'aa, ambayo kila kidole kinaacha alama. Chukua kitambaa laini. Kabla hujaenda, hifadhi picha kwa sRGB (mpangilio wa kawaida wa rangi za picha), zikate mwenyewe kwa uwiano wa 3 kwa 2, na uandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa: USIREKEBISHE. Nenda kabla ya saa tano. Baada ya hapo wanakuja wa pasipoti saizi na huwezi kuongea na mtu. Ukimkuta kijana peke yake, teremka ukanywe chai, msubiri mzee.

Nyota nne. Ya tano nitaitoa kilemba cha bibi harusi kikirudi.