Kozi ya hatari za tabianchi kwa watu wa mikopo: uzoefu wangu Kisumu

Kama wewe ni afisa wa mikopo au unakaa kwenye kamati ya mikopo ya sacco yoyote kuanzia Kisumu hadi Busia, kozi hii inakuhusu. Niliifanya hapa mjini, na tangu hapo nimeitumia kazini vya kutosha kujua ilipo nguvu yake na ilipopwaya.

Nadharia inapita haraka. Hatari ni za aina mbili: za mafuriko, ukame na joto lenyewe, na za mpito, yaani sheria na masoko yakibadilika mteja akabaki nyuma. Utasikia pia kuhusu mwongozo ambao Benki Kuu ya Kenya iliwapa mabenki Oktoba 2021, na IFRS S2 ya Juni 2023, kiwango cha kimataifa cha kampuni kutoa taarifa za hatari za tabianchi. Mwongozo ule uliandikiwa benki, sisi tuko chini ya SASRA, mamlaka inayosimamia sacco, lakini mto ukivunja kingo hauulizi mkopo ni wa nani.

Kilichonifaa hasa ni zoezi la ramani. Kila mmoja alikuja na orodha ya mikopo yake kwenye Excel, majina yameondolewa, akaambiwa aiweke kwenye ramani kwa kufuata pesa ya kulipia inatoka wapi, wala si mteja anaishi wapi. Wateja wangu wengi wana anwani za mitaa ya Kondele na Manyatta hapa mjini, ila mpunga wao uko Ahero. Alama zikaanza kujazana tambarare ya Kano, kati ya mto Nyando na ziwa. Kisha mwezeshaji akatuambia tuongeze wadhamini. Hapo darasa lilinyamaza. Sacco husimama juu ya wanachama kudhaminiana, na watu hudhaminiwa na jirani, shemeji, mwenzao wa chama. Mafuriko yakija, kama yale ya 2024, mkopaji na wadhamini wake wote wanaingiliwa na maji wiki moja. Kwenye karatasi mkopo una wadhamini wanne. Kwa kweli hauna hata mmoja. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kuona fomu inayouliza jambo hilo.

Kwa somo hilo peke yake ningelipa tena.

Sasa upungufu. Mifano mingi ilikuwa ya nyumba za pwani ya Ulaya na mitambo ya makaa ya mawe. Makadirio ya hali ya baadaye tuliyofundishwa yanafika 2050, na mikopo yetu mingi ni ya miezi 36 au chini. Nyando haikutajwa mpaka tulipoitaja wenyewe, mto Nzoia na Budalang'i unakofurika vivyo hivyo.

Linaloniuma zaidi ni jedwali la kupima hatari tulilopewa. Sehemu ya mafuriko inapakwa nyekundu, na nyekundu, kamati ikiwa na haraka, ni kunyimwa mkopo. Mkulima wa Kano ukimnyima haachi kulima. Anaenda kwa shailoki, mkopeshaji wa riba kubwa, au anamuuza ng'ombe aliyekuwa akimlipia karo ya mtoto. Nililiuliza darasani, nikajibiwa kwa sentensi mbili kuhusu kupandisha riba. Hilo si jibu. Anayeumizwa na mvua asiongezewe mzigo kwa sababu ya mvua hiyohiyo. Njia zipo: malipo yafuate mavuno badala ya kila mwisho wa mwezi, bima ya mazao iingie ndani ya mkopo, mdhamini angalau mmoja awe na kipato nje ya bonde. Kozi ilipaswa kutumia nusu siku nzima hapo.

Hilo la mdhamini nimeshalipeleka kwenye kamati yetu na fomu imeongezwa mstari.

Ada ni nzito kwa sacco ndogo, kwa hiyo ombeni punguzo mkienda kama kundi. Nenda na orodha yako ya mikopo ikiwa tayari, na kabla ya kulipa muulize mwandaaji kama ataleta takwimu za mvua na mito ya huku kwetu.